Dizeli Kusini: maswali ninayoulizwa kila bei inapopanda

Naendesha Fuso, lori la mizigo, huku Kusini mwa Tanzania. Nilianza utingo kwenye gari la mzee mmoja wa Masasi, nikaja kukabidhiwa usukani, na sasa ni miaka kumi na ushee napandisha saruji na bidhaa za madukani, nashusha korosho, ufuta na mbaazi. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi simu yangu inaanza kuita kabla ya adhana ya alfajiri: "Mkuu, umeona bei?" Nimeona. Maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeyajibu hapa mara moja, pamoja na yale ya kunong'onezwa, yanayohusu madumu.

Nani hasa anapanga bei ya dizeli?

EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na maji, inatangaza bei kikomo, yaani bei ya juu kabisa ambayo sheli inaruhusiwa kukuuzia. Inatangazwa kila mwezi na kuanza kutumika Jumatano ya kwanza, saa 6:01 usiku. Mwenye kituo akitaka kuuza chini ya hapo ni ruhusa. Akipita juu ana kosa.

Kikomo hicho hakitoki hewani. Nchi hii haisafishi mafuta ghafi. Kiwanda cha TIPER pale Kigamboni kiliacha kusafisha zamani, siku hizi ni maghala. Kila lita unayoweka imekuja na meli ikiwa tayari ni dizeli, imenunuliwa kwa dola. Basi jumlisha bei ya soko la dunia, nauli ya meli na bima, thamani ya shilingi wiki hizo, gharama za bandari, kodi na tozo, faida ya muuzaji wa jumla na wa rejareja, halafu lori la kuyafikisha wilayani kwako. Yule kijana wa pampu unayemfokea asubuhi hajapanga hata senti.

Dar imeshuka, mbona sisi tumeachwa?

Hili ndilo linalowauma watu kuliko yote, na lina jibu. Mafuta ya nchi hii yanaagizwa kwa pamoja na kuingilia bandari tatu: Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Kila bandari ina hesabu yake. Mtwara ilianza kupokea kwa mfumo huo mwaka 2018, na hapo ndipo inapochota mikoa ya Mtwara, Lindi na Ruvuma.

Sasa, meli za kuja Mtwara ni chache na shehena ni ndogo kuliko ya Dar, kwa sababu sisi wanywaji ni wachache. Unapita mwezi mzima bila meli. Mwezi huo mafuta yaliyopo kwenye matenki ni yale yale yaliyonunuliwa zamani, na EWURA husema waziwazi kwamba kwa kuwa hakuna shehena mpya, bei ya bandari hiyo inabaki ya mwezi uliopita. Dar wanashangilia, sisi tunatazamana.

Kuna upande wa pili ambao watu huusahau. Bei ikipaa duniani na Mtwara haijapokea meli, sisi ndio tunaobaki chini kwa mwezi huo. Nimewahi kutoka Mtwara nimejaza fulu tenki na kufika Dar nikakuta wenzangu wanalia. Sikuwaambia nimejazia wapi.

Na Liwale je? Mbona ni ghali kuliko Mtwara mjini wakati sote ni Kusini?

Umbali kutoka kwenye maghala. Lori linalopeleka dizeli Liwale nalo linakula dizeli.

Vita ya Wazungu inanihusu nini mimi wa Nanyumbu?

Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, nchi za Ulaya zilizokuwa zinategemea dizeli ya Urusi zilianza kuitafuta kwingine, kwenye masoko yale yale ya Arabuni na India tunakonunua sisi. Mwenye hela nyingi akiingia gulioni, mwenye hela kidogo analipa bei ya mwenye nyingi. Mei 2022 dizeli kwa Dar ilifika shilingi 3,258 kwa lita, ikaipita petroli iliyokuwa 3,148. Serikali ikaweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kuanzia Juni, ikashuka kidogo.

Oktoba 2023 tukarudi kule kule: dizeli 3,448 kwa Dar, petroli 3,281. Safari hii kulikuwa na mawili ya nyumbani pia. Dola ilikuwa adimu na shilingi inashuka, na tangu Julai mwaka huo iliongezwa tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya miradi mikubwa.

Kinachoniudhi si kwamba bei inapanda. Ni kwamba dizeli ikipanda watu wanasema ni shida ya madereva. Mfuko wa saruji ulioko Newala ulifikaje?

Bei ya dunia ikishuka, mbona huku inashuka kwa kusuasua?

Kwa sababu kodi na tozo nyingi kwenye mafuta ni kiasi maalumu kwa lita, si asilimia. Mafuta yakiwa ghali au rahisi huko duniani, zile shilingi ziko pale pale. Pia bei unayolipa leo inatokana na mafuta yaliyonunuliwa wiki nyingi nyuma. Ukisikia redioni leo kwamba mafuta yameporomoka, hesabu mwezi mmoja na nusu hadi miwili ndipo uanze kuuliza.

Gesi inatoka kwetu. Kwa nini tusiendeshe magari kwa gesi yetu tuachane na dizeli?

Swali hili likiulizwa Mtwara lina uchungu ndani yake, kila mtu anakumbuka 2013, vurugu za kupinga bomba la kupeleka gesi Dar. Nitalijibu taratibu.

Gesi ya Songo Songo kule Kilwa iligunduliwa 1974, ya Mnazi Bay 1982. Ya Songo Songo ilianza kwenda Dar mwaka 2004, na 2015 likakamilika bomba kubwa kutoka Madimba. Sehemu kubwa inazalisha umeme na kuendesha viwanda. Gesi hii si dizeli na haigeuki kuwa dizeli kwa kupita kwenye bomba. Wala si ile ya mtungi wa kupikia, ambayo inakuja kwa meli kama dizeli yenyewe.

Gari linaweza kuitumia ikishindiliwa kwenye mitungi maalumu, na Dar bajaji, teksi na magari madogo yanafanya hivyo kila siku. Lakini angalia: hayo karibu yote ni ya petroli. Injini ya petroli ina plagi ya kuchoma moto, unaongeza mtungi na vifaa vyake, inapiga kazi. Injini ya dizeli haina plagi. Inawasha kwa mgandamizo. Ukitaka Fuso yako inywe gesi, ama unaibadilisha injini kwa kazi kubwa, ama unafunga mfumo wa kuchanganya gesi na dizeli, ambao bado unakunywa dizeli. Halafu unaondoka Mtwara umejaza, unafika Tunduru, unajazia wapi?

Kwa mwenye Noah au IST ya petroli anayezunguka mjini, hesabu za gesi zinaleta maana pale tu kituo kikiwa karibu na njia yake. Kwa mwenye lori la dizeli la safari ndefu, kwa leo, hapana. Inauma kusema hivyo ukiwa umesimama kilomita chache kutoka kisimani, lakini ndivyo.

Haya, niambie: dizeli rahisi iko wapi?

Bei halali za sheli hazipishani sana. Piga *152*00#, fuata maelekezo, utaona bei kikomo ya wilaya uliyopo. Bango la sheli likiwa chini ya hapo, umepata nafuu. Vituo vinatakiwa kuweka bango la bei linaloonekana barabarani; kisicho na bango, mimi sisimami.

Ila usikimbizane na shilingi thelathini. Tuseme kituo kimoja ni rahisi kwa shilingi 30 na unataka lita 150. Umeokoa 4,500. Kikiwa kilomita tano nje ya njia yako, kwenda na kurudi ni kumi, na Fuso inayokwenda kilomita nne kwa lita imeshakula lita mbili na nusu. Kwa dizeli ya shilingi 3,200 hiyo ni elfu nane. Umepoteza 3,500 na umechelewa kushusha.

Kilichonisaidia mimi ni mambo mawili. La kwanza, kujaza karibu na ghala, si karibu na shamba. Kama naingia Nachingwea au Liwale, najaza Mtwara au Lindi, napandisha mzigo, narudi na mafuta yale yale. La pili, kujiunga. Tulikuwa madereva watano wa Fuso, tukamwendea mwenye kituo kimoja kabla ya msimu wa korosho, tukamwambia sisi tutajaza kwako tu, taslimu, hakuna mkopo. Akatupunguzia shilingi 40 kwa lita hadi Januari. Peke yangu nilikuwa nimeshamwomba mara mbili, akawa ananichekea tu.

Nisikie tetesi za kushuka, nisubiri Jumatano?

Kama ni siku moja na tenki linaruhusu, subiri. Zikiwa tetesi za kupanda, jaza Jumatatu. Usingoje Jumanne usiku.

Nitakwambia kwa nini. Jumanne moja niliingia sheli fulani mkoa wa Lindi saa tatu usiku, taa ya mafuta inawaka. Vijana wamekaa juu ya matairi wanacheza bao. "Hakuna mafuta, kaka." Pale pale uani palikuwa na alama mbichi za tairi za lori la mafuta na harufu ya dizeli iliyotoka kumwagwa. Nikaegesha, nikalala kwenye kebini. Saa sita na dakika kumi taa za pampu zikawaka zenyewe, kijana akagonga mlango: "Kaka, mafuta yamekuja." Yalikuja kwa njia gani, sikuona gari likiingia. Bei mpya.

Kuficha mafuta ni kosa, na mwaka 2023 vituo kadhaa nchini vilifungiwa kwa hilo. Ukikutana nalo, piga picha bango na pampu, andika saa, ripoti EWURA. Mimi usiku ule sikuripoti kwa sababu nilikuwa na mzigo wa watu na nilitaka kuondoka. Tuko wengi wa namna hiyo, na wao wanajua.

Kuna jamaa anauza dizeli kwenye madumu, bei nusu. Ni sawa?

Niliwahi kununua. Kijiji sikitaji. Lita arobaini, kila lita chini ya bei ya sheli kwa shilingi 600. Nikajiona mjanja wa shilingi 24,000.

Kufika kilima cha Mtama gari likaanza kukohoa. Nashusha gia, linakohoa. Nikaweka pembeni, utingo akakinga jiwe. Fundi alipofungua filta akaimimina kwenye kopo la maziwa: chini maji, katikati kitu cha kahawia kama chai iliyolala, juu ndiyo dizeli. Kusafisha tenki, filta mbili, kupima nozeli, siku nzima njiani na mwenye mzigo ananitukana kwa simu. Laki tatu na kitu.

Na hata dumu likiwa safi, jiulize limetoka wapi. Hakuna mtu anayenunua dizeli kwa 3,200 akuuzie kwa 2,600. Hiyo imenyonywa kwenye tenki la mwenzako aliyelala Somanga akisubiri samaki. Ukikamatwa nalo, unalijibu wewe.

Nikichanganya mafuta ya taa?

Huo ni ujanja wa kale. Enzi za uchakachuaji mafuta ya taa yalikuwa rahisi kwa sababu ya kodi ndogo, ndipo mafuta yakawekewa vinasaba, yaani alama ya kugundua yaliyochanganywa, mwaka 2010, na 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa hadi faida ikafa. Leo bei zake zinakaribiana na dizeli. Utaua pampu bure, maana dizeli ndiyo inayoilainisha, na mafuta ya taa ni makavu.

Mafuta ya kula yaliyokaangiwa mihogo nayo, acha. Ni mazito, yanaziba nozeli.

Kwa nini nisivuke Mtambaswala nikajaze Msumbiji?

Ukiwa na safari halali ya kule, tenki la gari lako ni lako. Ukivusha madumu ni magendo. Na ukihesabu kilomita za kwenda darajani na kurudi, bado sijaona dereva aliyetajirika.

Ni kweli dizeli ya asubuhi inajaa zaidi kwa sababu ya baridi?

Joto linatanua mafuta, hilo ni kweli. Ila tenki la sheli liko chini ya ardhi, na kule chini saa kumi na mbili asubuhi na saa nane mchana joto halipishani kitu. Jaza saa yoyote, isipokuwa lori likiwa linashusha mafuta. Wakati huo uchafu wa chini ya tenki umevurugwa, ngoja utulie.

Nahisi nimepunjwa kipimo. Nifanye nini?

Kwanza shuka kwenye gari. Nusu ya wanaopunjwa wamekaa ndani wanachati. Angalia pampu isome sifuri kabla bomba halijaingia, angalia stika ya Wakala wa Vipimo, na dai risiti. Risiti ya pampu ina lita, bei na saa. Bila hiyo malalamiko yako ni hadithi.

Wakala wa Vipimo wanapima pampu kwa kopo la lita 20 lenye shingo nyembamba na mistari. Kipimo kikizidi au kupungua unaona mafuta yamesimama juu au chini ya mstari. Nimewahi kuona zoezi hilo kwa macho yangu, na kosa la kijiko linaonekana.

Ukihisi mafuta ni machafu, chukua kidogo kwenye chupa safi ya maji inayoonyesha, iache itulie nusu saa. Maji yatakaa chini. Hifadhi chupa na risiti, peleka EWURA. Usimpige kijana wa pampu.

Gari langu linakula mafuta. Nianzie wapi?

Anzia na daftari, kabla ya fundi. Jaza fulu kwenye sheli moja, andika kilometa. Tembea. Rudi ujaze fulu tena pale pale, andika lita. Kilometa 412 gawanya kwa lita 98 ni 4.2. Fanya hivyo mara tatu ukiwa na mzigo wa aina moja. Watu wengi wanaoniambia gari linakula hawajui hata linakula kiasi gani.

Halafu upepo wa tairi. Tairi laini ni kama kukimbia kwenye mchanga wa Msimbati. Kisha filta ya hewa: barabara za vumbi za korosho zinaijaza mapema kuliko kitabu kinavyosema, na moshi mweusi ndiyo dizeli yako inayotoka bila kufanya kazi.

Mguu wako ndio mkubwa kuliko vyote. Sheria inasema lori lisizidi 80 kwa saa. Nilipoacha kufukuzana na mabasi nikakaa kwenye 70, Mtwara hadi Dar, takriban kilomita 560, nilichelewa kama saa moja na nikaokoa lita kumi na tano hivi. Na zima gari linaposubiri. Injini ya lori ikinguruma saa nzima ghalani ukisubiri mnada wa korosho uishe, inakunywa lita mbili au zaidi bila kusogea hatua.

Dawa za kumwaga kwenye tenki zinazodaiwa kupunguza ulaji sizipigii debe. Nimetumia aina mbili, daftari halikubadilika.

Nikishuka mlima nikaweka free, si naokoa?

Hapana. Ukiwa kwenye gia na umeachia mguu, magurudumu ndiyo yanayozungusha injini, na pampu inakata dizeli. Ukiweka free injini inabidi ijiendeshe yenyewe, kwa hiyo inakunywa. Juu ya hapo umebaki na breki peke yake. Ukishuka kutoka Newala na tani kumi za korosho mgongoni halafu breki zikapata moto, hutaulizwa umeokoa lita ngapi.

Mafuta yamepanda, naruhusiwa kupandisha nauli?

Ya abiria, hapana. Nauli inapangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, na walipoibadilisha Desemba 2023 ilikuja baada ya mwaka mzima na zaidi wa kulia. Huku katikati konda na abiria wanamalizana mlangoni, na wote wawili wamebanwa.

Ya mzigo ni makubaliano, na hapa ndipo wengi wetu tunajikata wenyewe. Tunakubali bei ya Septemba, tunapakia Novemba. Siku hizi naandika kwenye karatasi: bei hii ni kwa dizeli ya kiasi hiki, ikipanda zaidi ya shilingi 100, tunaongeza kadiri ya lita za safari. Kwa lita 140 za kwenda Dar, shilingi 100 ni elfu kumi na nne. Mteja anayekataa hilo, bora umjue kabla hujapakia. Na uweke pia njia. Mei 2024 Kimbunga Hidaya na mvua vilipokata barabara ya Lindi kwenda Dar, waliozungukia Songea walitembea zaidi ya mara mbili ya umbali kwa bei ile ile waliyokubaliana.

Tajiri, yaani mwenye gari, anasema namwibia mafuta. Namthibitishiaje?

Bei ikipanda, hili linapanda nalo. Tajiri anaona hela ya mafuta imeongezeka, safari ni zile zile, wa kwanza kushukiwa ni wewe. Na tusidanganyane, wapo wanaonyonya.

Usibishane naye kwa simu. Nenda na risiti zote za mwezi zimebanwa kwa pini, na daftari lenye kilometa na lita. Mwambie apande gari safari moja, ajaze yeye mwenyewe fulu, akae pembeni yako hadi Masasi na kurudi, ajaze tena yeye. Wangu alipanda. Kwenye milima ya kuelekea Ndanda alikuwa anashika dashibodi, na kule ghalani alikaa juani saa nne akisubiri kushusha. Tulipojaza kurudi akasoma pampu, akafungua daftari langu, akasoma, akafunga. Akauliza tu kama sijala.